Uwanja wa Shule Usigeuzwe Shamba

(Hotuba ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa mwaka)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia michezo katika shule zetu za msingi. Kwetu michezo si jambo geni. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, lakini akakimbia hadi mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati ambapo Karatu ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Mwaka 1974, kule Christchurch, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2.

Hata hivyo, hatuchangi ili kumtafuta Bayi mwingine. Watoto wengi hawatakuwa mabingwa, na wote wanastahili kucheza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku.

Wapo watakaouliza: mtoto anayechota maji na kuchunga ana haja gani ya mazoezi? Kazi humpa nguvu, lakini michezo humfundisha kupasiana, kufuata sheria na kushindwa bila kugombana. Tena michezo isisubiri jioni, maana jioni binti yuko kisimani na kaka yake anarudisha ng'ombe. Kipindi kilicho kwenye ratiba ndicho kinachowakuta wote pamoja. Tukikifanya cha marudio ya hisabati, wengine hawatacheza kabisa.

Lakini kipindi kinahitaji uwanja. Katika baadhi ya shule zetu uwanja haujapimwa. Kila msimu jembe linasogea hatua mbili, baadaye nyumba inafuata. Mpira ukipasuka tutanunua mwingine. Ardhi ikishagawiwa, kuirudisha ni kesi ya miaka.

Kwa hiyo tunapendekeza michango ya mwaka huu ianze na mipaka: kupima viwanja kwa kushirikiana na serikali za vijiji na kamati za shule, kuweka mawe ya mipaka na kupanda miti pembeni. Kisha tusawazishe viwanja vya netiboli. Kimoja ni mita 30.5 kwa 15.25 tu. Mipira na jezi vifuate.

Tulio nyumbani tutoe nguvu kazi: kuchimba, kusomba mawe, kumwagilia miche. Tulio mbali tutoe fedha. Unapojaza fomu ya ahadi, andika pia jina la shule ya msingi uliyosoma, ili tujue ni uwanja gani unaulinda.

Mungu ibariki Mbulu.