Salamu Tulizotumwa kutoka Würzburg na Tampere
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, jijini Mwanza)



Kamati imetuomba tueleze safari yetu ya ng'ambo. Mume na mke, tulizunguka Ujerumani na Finland tukiwatembelea ndugu na marafiki wa zamani. Viza ilituruhusu siku 90, tukatumia 81. Mmoja wetu ni mhasibu, hapendi kumaliza fungu lote. Hatutawachosha na habari za theluji. Tulipewa ujumbe, na sehemu yake ni chungu kidogo. Lakini mjumbe hauawi, basi tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Wengine wametuuliza kwa nini huko. Mwanza ina urafiki wa miji na Würzburg tangu mwaka 1966, na Tampere tangu mwaka 1988. Madaktari kutoka Würzburg wamefanya kazi Bugando, na vijana wa kwetu nao wamekwenda kusoma huko. Baadhi waliolewa, baadhi walipata kazi wakabaki. Ndivyo alivyofika Würzburg dada yetu, ambaye kwa mmoja wetu ni dada na kwa mwingine ni wifi. Leo ni muuguzi huko. Na Tampere tuna rafiki tuliyesoma naye Mlimani.

Dada alitupeleka sokoni. Kwenye meza ya samaki tukakuta minofu myeupe imepangwa juu ya barafu, na kibao kimeandikwa "Viktoriabarsch". Kumbe ni sangara! Sisi tumehangaikia viza wiki nzima, mwenzetu katangulia bila hata pasipoti. Tulicheka sana. Dada hakucheka. Alisema, "Minofu ikija huku, kwetu hubaki mapanki. Na sisi watu tumeondoka hivyo hivyo. Ila samaki harudishi kitu nyumbani. Sisi tunaweza."

Jirani yake, bibi Mjerumani aliyestaafu ualimu, aliposikia tumetoka Ukerewe alikwenda kabatini akaleta kitabu. Kilikuwa kile cha Mzee Aniceti Kitereza, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kijerumani. Kilitolewa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapo tuliona fahari ambayo hatuwezi kuieleza. Lakini kumbukeni historia yake. Mzee alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Kazi ya mtu wa kisiwani ilingoja miaka 35.

Tampere umejengwa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, kwa hiyo mtu wa ziwani hajisikii mgeni sana, ingawa wakati wa baridi maji huganda mpaka watu wanatembea juu yake na kutoboa matundu wavue samaki. Rafiki yetu alitupikia ugali na dagaa tuliowabeba kutoka Kirumba. Alitaka kujua kila kitu: barabara ya Nansio, kivuko cha Rugezi, nani kafariki, nani kazaa. Watoto wake wawili wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kifini. Wana pasipoti za huko, na kwa kuwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, wakiwa watu wazima na pasipoti hizo, watakuja kumwona bibi yao kama wageni. Baba yao alituambia, "Mimi nachangia kwa sababu napakumbuka. Hawa watachangia kwa sababu gani?"

Sasa ujumbe wenyewe. Kila nyumba tuliyoingia, neno lilikuwa moja. Dada alisema hivi: "Msiba nikiambiwa asubuhi, jioni nimeshatuma. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018 tulichangishana usiku ule ule. Lakini lile bweni nimelichangia mara mbili, na sijaona hata picha ya tofali."

Ndugu zetu, hawajasema fedha imeliwa. Wamesema hawajui ilifika wapi, na kwa mtu aliye mbali mambo hayo mawili yanafanana. Tuliporudi tulivuka kwenda kuliangalia. Fedha ipo pale, inaonekana: msingi imara, boma limefika kwenye lenta. Lakini halijapauliwa, na mvua za misimu miwili zimelinyeshea. Wakati huo wasichana wanaotoka vijiji vya mbali wamepanga vyumba mtaani, wanajipikia, wanalala karibu na kambi za dagaa bila mtu mzima wa kuwaangalia. Kila mmoja humu ukumbini anamjua binti aliyeanza kidato cha kwanza asifike cha nne.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila anayetoa apewe stakabadhi, awe ametoa elfu tano au milioni. Pili, kila miezi mitatu itoke taarifa ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, pamoja na picha ya jengo. Itumwe kwenye kundi letu la WhatsApp na ibandikwe shuleni. Mmoja wetu amejitolea kuiandaa bila malipo, na kamati iikague. Tatu, tulio hapa Mwanza tutangulie kutoa. Hatuwezi kumwomba aliye Tampere abebe mzigo ambao sisi wa Nyegezi na Ilemela hatujaugusa.

Sisi wawili tunaahidi bati 30, na tutazikabidhi kabla hatujaondoka leo. Dada ameahidi 40, na rafiki yetu mbao za kupaulia. Ahadi zao zina sharti moja: wasome taarifa ya kwanza. Kwa hiyo paa la bweni lile linangoja karatasi moja tu.

Kitabu cha Mzee Kitereza kiliweza kungoja miaka 35. Binti aliyeingia kidato cha kwanza Januari hii ana miaka minne tu.