Marudiano na Kurudiana

(Somo: Wafilipi 4:1-13)

 

Siku moja baada ya ibada, kijana mmoja wa kanisa letu alinifuata mpaka vestri. Alikuwa na picha katika simu yake, akataka niitazame. Ilikuwa picha ya mpiganaji, mtu mrefu, kifua wazi, na juu ya kifua chake pamechorwa chale ya wino inayotaja Waraka kwa Wafilipi, sura ya 4, mstari wa 13. Kijana akaniuliza, "Pasta, mtu huyu amebeba Neno la Mungu mwilini mwake. Mbona basi anamchukia mwenzake namna ile?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anisimulie habari yote, nami baadaye nikaichunguza mwenyewe. Nimeona ni vema niwaeleze na ninyi, kwa maana habari hii ni ya watu wawili wa Marekani, lakini ugonjwa wake uko hapa kwetu pia.

Mchezo wenyewe si ndondi peke yake, wala si mieleka peke yake. Ngumi, mateke, viwiko, magoti na kukabana chini, vyote vimechanganywa. Wapiganaji hufungiwa katika kizimba chenye pembe nane, na pambano la kugombea ubingwa ni la raundi 5, kila raundi dakika 5. Mwenye picha ile ni Jon Jones, mwana wa mchungaji. Alitwaa ubingwa wa uzani wa ratili 205, yaani kama kilo 93, mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 23 tu. Mpinzani wake ni Daniel Cormier, mtu wa Louisiana, aliyeiwakilisha nchi yake katika mieleka kwenye Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2004, akawa wa nne.

Uadui wao ulianzaje? Wao wenyewe wamesimulia. Mwaka 2010 walikutana mara ya kwanza, na Jones, asiyemjua mwenzake ni nani, akasema kwa mzaha ya kuwa angeweza kumwangusha chini. Ni hayo tu. Lakini aliyeambiwa alikuwa mwana mieleka wa Olimpiki, na neno lile likamwingia kama mwiba. Yakobo ametuonya katika sura ya 3 ya waraka wake ya kuwa moto mdogo huteketeza msitu mkubwa. Tarehe 4 Agosti 2014, walipokutanishwa mbele ya waandishi wa habari katika hoteli moja ya Las Vegas, waligusanisha vipaji vya nyuso, wakasukumana, wakapigana hapo hapo. Jones alitozwa faini ya dola 50,000, na Cormier dola 9,000.

Walipigana kwa sheria za mchezo tarehe 3 Januari 2015. Majaji wote watatu walimpa Jones ushindi, pointi 49 kwa 46. Je, uadui uliisha? La, hasha! Aliyeshinda aliendelea kudharau, na aliyeshindwa aliendelea kungoja. Mwaka huo huo Jones aligonga gari lililokuwa na mama mjamzito, mama yule akavunjika mkono, naye Jones akakimbia. Akavuliwa ubingwa, na Cormier akautwaa kwa kumshinda mtu mwingine. Lakini watu walimwambia, "Wewe si bingwa wa kweli mpaka umpige yule." Naye moyoni mwake alijua ya kuwa wanasema hivyo. Marudiano yakapangwa mwaka 2016, yakavunjika kwa sababu Cormier aliumia mguu. Yakapangwa tena, yakavunjika siku chache kabla, kwa sababu Jones alipatikana na dawa zilizokatazwa.

Hatimaye siku ilifika, tarehe 29 Julai 2017, mjini Anaheim, California. Katika raundi ya tatu Jones alirusha teke la mguu wa kushoto likampata Cormier kichwani. Akayumba, akaanguka, akapigwa ngumi akiwa chini mpaka mwamuzi akaingilia kati. Cormier aliposimamishwa hakujua vizuri mahali alipo. Wakamwekea kipaza sauti mdomoni, na mtu mzima yule, mume na baba wa watoto, akalia machozi mbele ya ulimwengu. Jones naye akamsifu ya kuwa ni mume mwema na baba mwema. Lo! Maneno mazuri kama hayo, kumbe yalikuwamo kinywani mwake muda wote!

Tena sikilizeni yaliyofuata. Hata mwezi haukuisha, habari zikatoka ya kuwa mkojo wa Jones, uliochukuliwa siku moja kabla ya pambano, ulikuwa na dawa ya kuongeza nguvu. Yeye alisema hakujua, na mwamuzi aliyesikiliza shauri lake mwaka 2018 alikubali ya kuwa hakukusudia kudanganya. Hata hivyo alifungiwa miezi 15. Nayo mamlaka ya California, mwezi wa Septemba 2017, iliamua ya kuwa pambano lile lisihesabiwe. Hakuna mshindi wala mshindwa. Mkanda ukarudishwa kwa Cormier, mtu aliyeanguka mbele ya macho ya watu wote. Hawakupigana tena mpaka Cormier akastaafu mwaka 2020, na hata baada ya hapo maneno makali yaliendelea kusikika baina yao.

Fikirini, ndugu zangu. Miaka saba ya chuki, kuanzia neno moja la mzaha, na marudiano yaliyongojewa kwa hamu kubwa yameandikwa katika vitabu kama pambano lisilo na matokeo.

Sasa nisije nikawahukumu watu wawili wa mbali huku nikijificha nyuma ya kipaza sauti hiki. Nataka kuwaambia habari ya marudiano yangu mwenyewe.

Nilipokuwa katika chuo cha theolojia, tulikuwa na zoezi la kuhubiri mbele ya wenzetu. Nilipomaliza mahubiri yangu ya kwanza, mwanafunzi mwenzangu mmoja alisema neno la kuyadhihaki, na darasa zima likacheka. Nami nilicheka. Lakini neno lile nililibeba. Nililibeba siku ya kuwekewa mikono, nikalibeba katika parishi ya kwanza na ya pili. Baada ya miaka mingi tulijikuta katika kamati moja, yeye akiwa msimamizi wa hesabu za jengo fulani. Usiku mmoja nikapitia hesabu zake, nikaona kosa. Halikuwa wizi, lilikuwa kosa la kujumlisha. Ningeweza kumpigia simu. Sikupiga. Niliweka karatasi zile katika mfuko wangu nikangoja siku ya mkutano, mbele ya watu wote, ndipo nikasimama.

Nilishinda. Wazee walitikisa vichwa, yeye akakusanya karatasi zake kimya kimya akaketi. Nikarudi nyumbani, na mke wangu alipoandaa chakula nilikula vizuri sana. Mithali, sura ya 24, inatukataza kufurahi adui aangukapo. Mimi nilikuwa nimefurahi, na huyo hakuwa adui, alikuwa kasisi mwenzangu.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya Meza ya Bwana. Ninyi Waanglikana mnajua ya kuwa katika ibada yetu ya zamani yako maneno ya kuwaalika mezani wale walio na amani na upendo kwa majirani zao. Nilifungua kinywa niyasome, nikaona kana kwamba yameandikwa kwa ajili yangu peke yangu. Nilikumbuka Bwana wetu alivyofundisha katika Mathayo, sura ya 5, ya kuwa mtu akikumbuka pale madhabahuni ya kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na aiache sadaka yake, aende kwanza akapatane naye. Niliwapa watu Ushirika nikitetemeka, na ibada ilipokwisha nilipanda matatu nikaenda nyumbani kwake.

Nilimwambia yote, tangu siku ile ya darasani. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndugu yangu, nilisema hivyo mimi? Sikumbuki." Wasikilizaji, neno nililolibeba miaka mingi, yeye aliyelisema hakulikumbuka hata kidogo! Nilikuwa nimejenga kizimba chenye pembe nane, nami nilikuwa ndani yake peke yangu. Lakini aibu niliyomtia mkutanoni, hiyo aliikumbuka sana. Hakunikumbatia. Aliagiza chai, tukanywa, tukazungumza habari za mvua. Katika mkutano uliofuata nilisimama tena, nikakiri mbele ya wale wale ya kuwa kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lile la kujumlisha. Hata leo tungali tunajifunza kuwa ndugu.

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima hapa. Timu mbili zikipigania kombe kwa mara ya pili, twasema ni mechi ya marudiano. Mume na mke walioachana wakirejea katika nyumba moja, twasema wamerudiana. Neno ni moja, lakini njia ni mbili. Unaweza kumrudia mwenzako ili umwangushe, na unaweza kumrudia ili mkae pamoja. Uamuzi ni wako kabla hujapiga hodi.

Sasa nirudi kwa yule kijana na mstari wake. Watu wengi hupenda mstari ule wa 13, ambamo Paulo anashuhudia ya kuwa anayaweza yote katika yeye amtiaye nguvu. Wengi huuchukua kama ahadi ya kushinda. Lakini someni mistari iliyotangulia. Paulo alikuwa kifungoni. Anaeleza ya kuwa amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Nguvu anayoitaja ni ile ya mtu anayeweza kushushwa chini bila kupoteza furaha yake kwa Bwana.

Tena rudini nyuma mpaka mstari wa 2. Katika sura hiyo hiyo, mistari kumi na mmoja tu kabla ya ule wa kifuani, wamo wapinzani wawili! Ni akina mama wa kanisa la Filipi, Euodia na Sintike. Walifanya kazi ya Injili pamoja na Paulo, lakini walikuwa wamefarakana. Paulo hakuuliza nani alianza, wala hakutangaza mshindi. Anamsihi kila mmoja kwa jina lake wawe na nia moja katika Bwana. Kisha anamwomba mtenda kazi mwenzake awasaidie wanawake hao.

Hilo la mwisho linatuhusu sana. Wapiganaji wawili hawawezi kuendelea bila watazamaji. Ndugu wawili wanapogombea mpaka wa shamba, kesi ikatoka kwa chifu ikaenda kortini, ikatoka kortini ikaenda rufani, je, si wako watu wanaowachochea pande zote mbili? "Usikubali, mwonyeshe!" Mama wawili wa kwaya wasiposalimiana, je, sisi wengine hatupeleki maneno huku na huku? Paulo hakutafuta mtazamaji. Alitafuta msaidizi.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, ikiwa umeficha karatasi mfukoni ukingoja siku ya mkutano, itoe leo, umpelekee mwenzako faraghani. Ikiwa umeshashinda, nenda kwa yule uliyemshinda, kwa maana huenda ushindi wako hauhesabiwi mbinguni. Ikiwa umeshindwa na unaomba marudiano, mwambie Mungu ya kuwa unataka kurudiana. Naye Bwana Yesu, ambaye sisi tulikuwa adui zake, ndiye aliyekuja kwetu kwanza, akaanguka chini ya msalaba wake ili sisi tuinuliwe.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unayajua maneno tuliyoyabeba miaka mingi. Tupe nguvu ya kuyatua. Uwakumbuke Jon na Daniel, na wote wanaochukiana mbali na karibu. Utupe miguu ya kwenda, na kinywa cha kukiri, na uvumilivu tukipewa chai bila kukumbatiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi, na Mungu awabariki.