Mbuyu Usiozaa Si Dume



Mbuyu ukikaa miaka mingi bila kuzaa, baadhi ya watu huuita dume. Huonekana unachukua nafasi ya mahindi bure, na mwisho wake huwa ni shoka.

Lakini mbuyu hauna dume wala jike. Kila ua lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Ila chavua ya mti wenyewe ni nadra kutunga tunda. Inahitajika chavua ya mbuyu mwingine. Kwa hivyo mti ule unaoitwa dume, maadamu unachanua, huenda ndio unaoipa chavua mibuyu ya jirani. Ukikatwa, hata ile inayozaa inaweza kupunguza mabuyu.

Nani huibeba chavua hiyo? Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, nalo huning'inia likitazama chini. Hufunguka jua linapozama, likatoa harufu kali, na kesho yake hunyauka. Mgeni wake mkuu ni popo anayekula matunda. Hulishika ua kwa kucha, akalamba maji yake matamu, na manyoya ya kifuani yakajaa chavua anayoipeleka kwenye mti unaofuata. Komba pia huyatembelea maua hayo.

Popo huyo huyo hulaumiwa kwa kuharibu maembe, na kuna wanaowasha moto mapangoni ili kumfukuza. Malalamiko hayo yana msingi, kwani popo hupenda embe lililoiva. Lakini maembe yakichumwa yakiwa yamekomaa, kabla ya kuivia mtini, hasara hupungua bila popo kuuawa. Hata hivyo, popo asishikwe kwa mikono, na watoto wasichezee mapangoni, kwa sababu anaweza kubeba magonjwa.

Mbuyu hustahimili ukame unaokausha mahindi, na unga wa ubuyu una vitamini C kwa wingi. Hiyo ni lishe, na pia ni mapato kwa anayeuza mabuyu. Basi mbuyu usiozaa uachwe usimame, miche izungushiwe miiba mbuzi wasiifikie, na popo waachwe mapangoni mwao.

Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha. Mchicha huo nao ulitokana na mbegu, na mbegu ikatokana na ua lililopata mgeni usiku.