Jumuiya Ndogo Ndogo: Imani Inayopiga Hodi

Mwaka 1976 Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki na Kati, AMECEA, lilikutana Nairobi na kuufanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na katika umati wa Jumapili mtu aliweza kukosekana mwezi mzima pasipo wa kumwulizia.

Ndani ya jumuiya, familia za jirani hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao. Husali, husoma na kutafakari Injili, kisha huulizana: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amekwama na ada ya watoto? Ndipo Neno linapogeuka unga, kuni na mkesha msibani.

Hata hivyo, ipo hatari. Mahali pengine jumuiya imegeuka daftari la michango, na waamini wengine huikumbuka tu wanapohitaji barua ya ubatizo, ndoa au mazishi. Hapo maskini huona haya kufika mikono mitupu, ilhali ndiye anayeihitaji zaidi. Mtume Paulo aliwahimiza Wagalatia kuchukuliana mizigo; hakuweka kiwango cha mchango kwanza.

Basi, jumuiya ya kweli hupimwa siku mmoja wao asipoonekana. Je, yupo atakayekwenda kupiga hodi mlangoni pake kabla jua halijachwa, hata kama jina lake halimo daftarini?