Kidonge Kabla ya Kupooza: Kalsiamu, Presha na Kiharusi



Mtu anaamka asubuhi, anataka kushika kikombe cha chai, mkono wa kulia haumtii. Mdomo umekwenda upande. Nyumba nzima inataharuki. Mara nyingi kilichotokea ni mshipa wa ubongo kuziba. Kwa kawaida, kalsiamu iliyo nje ya seli ya neva huzidi ya ndani takribani mara 10,000. Mshipa ukiziba, seli hukosa oksijeni na kupungukiwa nguvu ya kuizuia. Kalsiamu inaingia kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka, inaamsha vimeng'enya, navyo vinaila seli yenyewe.

Ndiyo maana dawa za kuziba njia za kalsiamu ziliamsha matumaini makubwa. Mwaka 1989, watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya nimodipini, mojawapo ya dawa hizo, kwa wagonjwa 554 waliovuja damu chini ya utando wa ubongo. Wengine walipewa miligramu 60 kila baada ya saa 4 kwa siku 21, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopatwa na kufa kwa sehemu ya ubongo ni asilimia 22 kwa waliopata dawa, asilimia 33 kwa wasioipata. Tiba hiyo inatumika hadi leo.

Lakini viharusi vilivyo vingi ni vya mshipa kuziba, na huko mambo yalikuwa mengine. Katika utafiti wa VENUS, Uholanzi, uliotolewa mwaka 2001, madaktari wa familia walianza kutoa nimodipini ndani ya saa 6 tangu dalili zitokee. Baada ya miezi 3, waliofariki au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 32 kwa waliopata dawa na 27 kwa wasioipata. Faida haikuonekana. Mwaka huohuo, mtafiti Janneke Horn na wenzake walichambua majaribio 20 ya wanyama: nusu tu ndiyo yaliyoiunga mkono dawa, na baadhi ya majaribio hayo yalifanyika wakati binadamu tayari wanajaribiwa. Jambo hili linaniuma. Waliopooza walitupatia imani yao kabla hatujamaliza kazi ya maabara.

Nguvu ya dawa hizi iko kwingine: hulegeza misuli ya kuta za mishipa, presha ikashuka. Utafiti wa Syst-Eur, mwaka 1997, ulionyesha kwamba tiba inayoanza na nitrendipini, dawa nyingine ya kundi hili, ilipunguza viharusi kwa asilimia 42 miongoni mwa wazee 4,695. Kwetu Afrika, utafiti wa CREOLE wa 2019 uliwahusisha wagonjwa 728 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo. Michanganyiko ya dawa yenye amlodipini, nayo ya kundi hilohilo, ilishusha presha zaidi kuliko ule usiokuwa nayo.

CREOLE ilipima presha kwa miezi 6. Haikuundwa kuhesabu viharusi. Naomba chuo hiki kianzishe utafiti wa kuwafuatilia wagonjwa wetu kwa miaka, kijijini na mjini, tuhesabu waliopooza na walionusurika.