Tusiogope Kumeza Mpira


Miaka mitatu nilitafuna vidonge vya magnesiamu, ofisini na nyumbani Temeke, nikidhani vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Kumbe Robin Warren wa Australia aliviona vijidudu vyake kwa hadubini mwaka 1979; yeye na Barry Marshall wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Daktari alinimezesha mpira wenye kamera, akachukua kinyama cha kupimwa. Siku hizi, katika nchi nyingine, hadubini yenyewe huingia tumboni na mpira huo. Mimi nilipona kwa dawa. Jirani yangu aliuogopa. Alipokubali, saratani ilikwisha kuziba koo.

Ndugu zangu, tupimwe mapema.