Atalala Wapi? Makao ya Mwanafunzi katika Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu

 

Siku barua ya Makerere ifikapo nyumbani, hakuna aulizaye habari za kitanda. Baba huisoma barua mara mbili, mama hupiga vigelegele, majirani huja kutoa mkono wa pongezi, na mwalimu wa madrasa naye hupata sehemu yake ya sifa, nayo ni haki yake. Swali la kitanda huja usiku, wageni wamekwisha kuondoka: "Sasa mtoto huyu atalala wapi?" Na mara nyingi jibu huwa tayari kabla swali halijaisha: "Atalala kwa ami yake. Ami yake si yuko Kampala?" Basi jambo limekwisha, na watu hulala.

Hotuba hii yahusu swali lile, na haraka ile ya kulijibu.

Makerere ilipoanza mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, nao walikuwa wa kutwa, wakija kujifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mashine, kisha wakirudi walikotoka. Lakini hali hiyo haikudumu. Mabweni yalijengwa, au dahalia kama wasemavyo watu wa pwani. Wanawake 6 wa kwanza wakapokelewa mwaka 1945. Na mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki, kikifungamana na Chuo Kikuu cha London. Katika zama hizo kijana aliyepokelewa alipokelewa pamoja na kitanda chake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetoka Kenya kuja kusoma mwaka 1959, alikaa katika bweni la Northcote, ambalo leo laitwa Nsibirwa, na hakuna aliyehitaji kumtafutia jamaa wa kumlaza.

Zama hizo zimepita. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, chuo kilipofungua mlango kwa wanaojilipia wenyewe, idadi ya wanafunzi imepanda hata kufikia makumi ya maelfu, ilhali kilima ni kile kile. Mabweni ni yale ya tangu zamani: Mary Stuart, Africa na Complex kwa wasichana, Livingstone, Lumumba, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University kwa wavulana. Na hapa pana jambo ambalo limewakosesha wazazi wengi. Kila mwanafunzi apokelewaye huandikwa katika bweni mojawapo, hata kama hana kitanda humo wala hatakipata. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe "ni wa Mitchell" huona amepata makao, akaacha kutafuta. Kumbe amepata jina tu. Yafaa kuulizwa wazi wazi, na mapema: ameandikwa, au amepewa kitanda?

Aliyepewa kitanda bwenini, na akichukue. Kelele zipo, vyumba vya kushirikiana vipo, na maji yaweza kukatika. Walakini maktaba, madarasa na msikiti wa chuo viko mwendo wa miguu, na yupo msimamizi ambaye kazi yake ni kujua habari za wakaazi. Kwa mwaka wa kwanza hakuna jengine lipitalo hilo.

Wengi hawakipati, nao ndio wanaopelekwa kwa ami.

Na ichukuliwe mfano wa msichana atokaye Arua, safari ya takriban kilomita 500, ambaye ami yake anakaa Mukono. Kwenye ramani, Mukono na Kampala ni jirani, kilomita 21 tu. Lakini mwanafunzi hasafiri kwenye ramani. Husimama njiani akingoja teksi, hushuka katikati ya mji, hutafuta teksi ya pili ya kumfikisha Wandegeya, kisha hupanda kilima kwa miguu. Siku ambayo magari hayakusongamana sana atatumia saa moja kwenda na saa moja kurudi, na siku za namna hiyo si nyingi. Muhula wa Makerere una wiki 17, 15 za masomo na 2 za mitihani. Saa 2 kila siku, siku 5 za wiki, kwa wiki 15, ni saa 150. Saa hizo hutumika katika kiti cha teksi, kitabu kimefungwa mapajani. Na nauli ya teksi mbili kwenda na mbili kurudi hulipwa kila siku, ingawa watu husema kwamba kwa ami analala bure.

Hayo ni ya mchana. Yako masomo ambayo ratiba yake ni ya jioni, yaanzayo saa 11 na kuendelea mpaka usiku. Mtoto wa kike aliyeandikwa katika masomo hayo hutoka darasani wakati teksi za Mukono zimeanza kupungua. Mzazi aliyekataa hosteli kwa kuhofia usalama wa binti yake amemweka barabarani usiku mara tano kwa wiki, naye huko Arua amelala akiwa na moyo mtulivu.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Si kwamba ami ni mtu mbaya, wala mke wake. Ni watu wema, wamefungua mlango bila kuuliza malipo. Lakini nyumba ina watoto wadogo, ina vyombo, ina maji ya kuteka na wageni wa Jumapili. Na msichana aliyelelewa vizuri hawezi kukaa juu ya kiti na kitabu chake huku mama mdogo anainama jikoni. Atainuka. Atainuka leo, na kesho ataambiwa awapeleke watoto shule kwa kuwa "njia ni moja", na baada ya mwezi kazi ile imekuwa yake. Hatamwandikia baba yake neno, maana kumshitaki ami kwa baba ni utovu wa adabu. Hivyo kadiri mtoto alivyofunzwa adabu, ndivyo wazazi watakavyochelewa kujua. Watajua matokeo yatakapotoka. Na alama za mwaka wa kwanza huingia katika hesabu ya shahada yenyewe, wala hazifutwi kwa juhudi za mwaka wa tatu.

Haya hayasemwi ili nyumba za jamaa zikataliwe zote. Ikiwa ami anakaa Wandegeya, au Mulago, au Nakulabye, au hata Old Kampala, mahali ambapo kijana aweza kwenda chuoni kwa miguu. Na ikiwa ndani ya nyumba ile ipo meza moja na taa moja ambazo baada ya Isha ni zake. Basi nyumba hiyo ni bora kuliko hosteli yoyote. Tena yuko mzazi ambaye fedha alizo nazo zatosha ada peke yake. Huyo asilaumiwe na mtu. Kukaa Mukono na ada imelipwa ni bora mara nyingi kuliko kukaa Kikoni na kuzuiwa mlango wa chumba cha mtihani. Lakini na ajue anachonunua na anachouza, asidhani amepata bure.

Ama hosteli, nyingi ziko chini ya kilima, upande wa Kikoni, Wandegeya na Nakulabye. Kodi yake hulipwa kwa muhula na si kwa mwezi, na ikishalipwa si rahisi kurudi. Kwa hiyo chumba kitazamwe kabla fedha haijatoka mfukoni, na kitazamwe kwa macho, si kwa picha za simu. Wazazi wengi huja Julai, ardhi imekauka, na kila ukuta huonekana mzuri. Mvua kubwa ya pili huanza Septemba, mwanafunzi amekwisha kuhamia. Mabondeni kuelekea Bwaise na Kalerwe maji huingia ndani ya nyumba, na kodi huko ni nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Alama ya maji ukutani, hata ikipakwa rangi juu yake, huonekana kwa atazamaye chini karibu na sakafu. Vilevile aulizwe mkaazi, si mwenye nyumba: maji yakikatika huchukua siku ngapi kurudi, na tangi lipo? Umeme ni wa Yaka ya pamoja, au kila chumba chanunua wake? Lango hufungwa saa ngapi, na aliyechelewa darasani la usiku hufunguliwa na nani? Mwenye hosteli asiyetoa stakabadhi aachwe, hata akiwa ni mtu wa swala tano.

Wako vijana ambao hukimbia kodi ya hosteli wakapanga chumba kimoja katika zile nyumba za safu ambazo Waganda huziita mizigo, na kwa sikio la Kiswahili jina hilo lina ukweli wake. Mwaka wa kwanza si wakati wake. Kijana ambaye hajapata kupika hata uji atajikuta na sigiri, makaa, ndoo na kufuli, na nusu ya akili yake itakuwa kwenye sufuria. Mwisho atakula chapati na mayai ya Wandegeya asubuhi na usiku, chakula kitamu lakini si cha mwaka mzima. Na jambo moja halina mzaha: sigiri yenye makaa yanayowaka isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa ili kuondoa baridi ya usiku. Hewa yake huua mtu aliyelala, haina harufu ya kumwamsha.

Hofu kubwa ya wazazi juu ya hosteli ni uhuru. Wanasema mtoto ataharibika. Hofu hiyo ina msingi, nazo zipo hosteli za wasichana peke yao kwa wanaozitaka. Illa hatari yenyewe mara nyingi si ile wanayoifikiria. Hatari ni kwamba kijana aweza kukosa darasa wiki tatu, akalala mchana kwa huzuni au kwa homa, na hakuna hata mtu mmoja ajuaye. Shuleni mwalimu aliita majina. Chuoni jina haliitwi. Kwa hiyo pamoja na kuuliza bei na maji, iulizwe ni nani atakayegonga mlango wa chumba hicho ukikaa umefungwa siku mbili. Huenda ni mwenzake wa chumbani. Huenda ni jumuiya ya wanafunzi Waislamu, ambao humkosa mtu kwenye safu ya swala wakauliza habari zake, na wakati wa Ramadhani hufuturu pamoja. Kwa mwenzake wa chumbani, afadhali mtu wa kabila jengine mwenye saa zile zile za kulala na kuamka, kuliko rafiki wa tangu sekondari ambaye naye amekuja kuonja uhuru.

Wala mzazi asidhani kwamba jina la chuo limemjibia swali. Hata aliyempeleka mwanawe katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, hana budi kuuliza mtoto analala wapi na nani amjuaye.

Limebaki lile lililo zito kuliko fedha, nalo ni namna ya kumwambia ami. Baba akipiga simu na kusema kwamba binti atakaa hosteli, atajibiwa: "Mtoto wa ndugu yangu alale kwa watu, nami ningali hai?" Neno hilo limevunja mipango mingi iliyofikiriwa vema. Baba hunyamaza, mtoto hupelekwa Mukono.

Ingefaa baba asianze kwa kukataa kitanda. Aanze kwa kuomba kitu kikubwa kuliko kitanda. "Kaka, mtoto huyu ni wako. Mimi niko mbali, siwezi kukiona chumba. Nakuomba wewe ukakitazame, wewe umpe mwenye hosteli fedha kwa mkono wako, akuone uso na aandike namba yako ya simu. Akiugua uitwe wewe kwanza. Na Jumamosi jioni akija kwako, kichwa chake kitakuwa kimetulia." Mtu aliyeombwa hivyo hakuvunjiwa heshima, ameongezewa. Na mwenye hosteli amwonapo mzee amekuja na kanzu yake, akapima mlango kwa mkono na kuuliza habari za tangi, hujua kwamba chumba hicho kina mwenyewe. Mama mdogo naye humpokea msichana Jumamosi kama mgeni wa siku mbili, na siku ya tatu, ile ya jembe, msichana yuko darasani.

Mpango huo si wa milele. Kodi ni ya muhula mmoja, na muhula wa pili kwa kawaida huanza mwezi wa Januari. Majaribio ya katikati ya muhula yakishapita, baba na ami na waongee tena, na safari hii mtoto mwenyewe aulizwe, faraghani, mahali ambapo wenyeji wake hawasikii. Akisema chumba kile hakimfai, bado upo wakati wa kutafuta kingine kabla ya Januari.